Achana na Siku ya 14: Mwongozo Kamili wa Kuzijua Siku Zako za Kushika Mimba

Mwaka wa pili wa ndoa nilitolewa damu siku ya 21 ya mzunguko, nikaambiwa mayai yangu hayapevuki. Nikatoka na cheti cha dawa mkononi, nikalia kwenye daladala mpaka kituo changu kikanipita. Siku 15 baadaye nikaingia hedhini, na jioni ile ndipo nilipoishusha kalenda ya ukutani kwa mara ya kwanza, nikahesabu kurudi nyuma. Mzunguko ule ulikuwa wa siku 35. Kwa hiyo yai langu, kama lilitoka, lilitoka karibu na siku ileile niliyochomwa sindano. Homoni waliyokuwa wakiitafuta, projesteroni, huanza kupanda yai likishatoka, na hufika juu kabisa kama wiki moja baadaye. Walifunua chungu maji hayajachemka, wakasema wali hakuna.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza mzunguko wangu una siku ngapi. Na mimi sikujua kwamba hilo ni jambo la kuulizwa.

Ile siku ya 21, pamoja na siku ya 14 tuliyokaririshwa shuleni, ni hesabu za mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Kama wewe ni wa 28 kila mwezi bila kukosa, hongera, mengi ya humu utayaruka. Sisi wengine inabidi tuache kuhesabia mwezi wa mtu mwingine, tujifunze kuusoma wetu. Unahitaji daftari, kalamu na vidole vyako. Vipimo vya mkojo na kipimajoto ni nyongeza.

Siku zenyewe ni sita

Kliniki wanaziita "siku za hatari", kwa sababu waliotufundisha walikuwa wanatufundisha kuzikimbia. Ukishakuwa mtu wa kuzitafuta, jina hilo linachekesha. Mimi nitaziita siku za rutuba.

Yai likitoka kwenye ovari huishi saa 12 hadi 24, basi. Mbegu za kiume ndizo zenye subira: zikikuta ute mzuri zinaweza kukaa hai hadi siku 5 zikilisubiri. Ukiziweka pamoja unapata siku sita, yaani tano za kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 221 wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wakitafuta mtoto. Mimba zote ambazo siku ya yai kutoka ilijulikana zilitokana na tendo la ndani ya siku hizo sita. Siku ya kwanza kati ya hizo sita uwezekano ulikuwa kama asilimia 10, na siku ya yai kutoka ukafika kama asilimia 33. Kwa hiyo hata ukilenga sawasawa, mwezi mmoja kupita bila kitu si ajabu wala si ugonjwa.

Mwaka 2000 watafiti haohao walitoa jambo jingine ambalo ningependa libandikwe kila kliniki: ni kama asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao za rutuba zote ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17, zile zinazotajwa kwenye vipeperushi. Waliobaki, baadhi waliwahi na baadhi walichelewa.

Sababu yake ni hii. Mzunguko una vipande viwili. Cha pili, kuanzia yai kutoka hadi hedhi ijayo, kwa mwanamke mmoja hakibadiliki sana: kwa wengi ni siku 12 hadi 14, na kwa jumla ni kati ya 10 na 16. Cha kwanza, kuanzia hedhi hadi yai kutoka, ndicho kinachoyumba. Malaria, msiba, safari, kupungua uzito ghafla, vyote vinaweza kulichelewesha yai. Ndiyo maana kuhesabu kutoka mbele kunakudanganya, na kuhesabu kutoka nyuma kunakwambia kweli ikiwa imeshachelewa. Kinachobaki ni kuzisoma dalili siku kwa siku.

Daftari, na ugomvi wa siku ya kwanza

Siku ya kwanza ni siku damu nyekundu inapotoka kama hedhi ya kawaida, ya kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya siku moja mbili kabla hayahesabiwi, ila yaandike.

Hapa kuna mtego wetu sisi wa Kiswahili. Kwetu siku huanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Programu ya simu inaanza siku saa sita usiku. Damu ikianza saa mbili usiku, mama yangu atasema ni siku mpya na simu itasema bado ni ileile. Chagua hesabu moja usiibadilishe. Mimi nilifuata ya simu, kwa sababu hata maabara wanaandika tarehe hivyo.

Chora safu: tarehe, siku ya mzunguko, ute, joto, kipimo cha mkojo, tendo la ndoa, na safu ya mwisho ya mengineyo (homa, dawa, safari, kukesha). Andika usiku kabla ya kulala. Fanya hivyo mizunguko mitatu, na huku mnaendelea kujaribu. Hakuna sababu ya kusubiri daftari lijae. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 huhesabiwa kuwa wa kawaida, na kutofautiana siku chache kati ya mwezi na mwezi si kasoro.

Ukishapata mizunguko kadhaa (sita ni bora zaidi), kuna hesabu ya kale ya kalenda: chukua mzunguko mfupi kuliko yote utoe 18, upate siku ya kwanza ya rutuba, chukua mrefu kuliko yote utoe 11, upate ya mwisho. Kama mfupi wako ni 27 na mrefu ni 33, unaanzia siku ya 9 hadi ya 22. Ni siku 14 nzima! Hesabu hii inakuonyesha mtaa, nyumba utaitafuta kwa dalili. Zile shanga za mzunguko za uzazi wa mpango, zenye shanga nyeupe kwa siku ya 8 hadi ya 19, zilitengenezwa kwa wenye mizunguko ya siku 26 hadi 32 tu. Nje ya hapo ziache.

Ute, mwalimu wa bure

Kama utafanya kitu kimoja tu katika haya yote, fanya hiki. Ute ndiyo dalili inayokuja kabla ya yai, bado una siku za kujaribu, na haugharimu hata shilingi.

Hedhi ikiisha, wengi huwa wakavu siku kadhaa. Kisha shingo ya kizazi inaanza kutoa ute wa kunata, mzito, kama gundi inayoanza kukauka. Ukiuvuta kati ya vidole unakatika. Siku zinavyosogea unakuwa mweupe na laini kama losheni. Halafu unakuja wenyewe: angavu, wa majimaji, unateleza, ukiweka kati ya kidole gumba na cha shahada ukavitenganisha taratibu unavutika kama ute wa yai bichi bila kukatika. Wengine hawauoni ukivutika, ila wanahisi utelezi tu wakijifuta au wakitembea, na utelezi huo unatosha. Siku ya mwisho ya ute wa namna hii ndiyo kilele. Kwa kawaida yai hutoka siku hiyo au moja mbili kandokando yake. Kesho yake unaona umekauka ghafla au umerudi kuwa mzito, na ni hapo tu unapojua kwamba jana ndiyo ilikuwa kilele.

Namna ya kuangalia. Nawa mikono. Kabla ya kukojoa, futa mlangoni kwa karatasi laini au kidole kikavu, kutoka mbele kwenda nyuma, uangalie, uguse. Huna haja ya kuingiza kidole ndani. Sisi tunaotawaza kwa maji tuna tatizo letu: maji yanauondoa ute kabla hujauona, na anayechukua udhu mara tano kwa siku anaweza kumaliza mwezi mzima akiapa kwamba hana ute kabisa. Angalia kwanza, kisha shika kata la maji. Rudia mara mbili tatu kwa siku, na usiku andika ule uliokuwa na rutuba zaidi. Kama asubuhi ulikuwa wa kunata na alasiri ukavutika, andika unavutika.

Utachanganyikiwa mwanzoni, hasa asubuhi baada ya tendo. Manii yaliyobaki huonekana ya majimaji, lakini ukiyavuta yanakatika na yanakauka upesi mkononi. Ukiwa na shaka andika alama ya kuuliza, subiri jioni.

Ute wenye harufu mbaya, wa njano au kijani, au mzito kama maziwa ya mgando unaowasha, huo si wa uzazi, ni maambukizi. Usijitibu kwa kubahatisha; klamidia na kisonono visivyotibiwa ndivyo vinavyoziba mirija, na klamidia mara nyingi haionyeshi dalili yoyote. Na tafadhali, acha kujisafisha ndani. Shabu, ndimu, sabuni, maji ya majani, na zile dawa za "kusafisha kizazi" zinazotangazwa kila kona: uke unajisafisha wenyewe, na vitu hivyo vinaharibu bakteria walinzi na kuondoa uteute ule ambao mbegu zinausafiria. Najua nani anayetupa shabu hiyo. Mpokelee somo yako kwa heshima zote, iweke kabatini.

Vipimo vya mkojo

Yai linapokaribia kutoka, ubongo unamwaga homoni iitwayo LH, na kipimo cha mkojo kinaikamata. Yai hutoka saa 24 hadi 36 hivi baada ya LH kupanda, kwa hiyo kipimo kikikubali ni leo na kesho.

Tatizo linaanzia famasi. Vijiti vya LH na vya mimba vinafanana kama mapacha: karatasi nyembamba, mistari miwili, pakiti ndogo ya nailoni. Mimi niliomba cha yai kupevuka, nikapewa vitano, nikavitumia vyote siku tano nikiona mstari mmoja tu. Vilikuwa vya mimba. Soma pakiti mwenyewe kabla hujalipa: cha yai kimeandikwa LH, cha mimba kimeandikwa hCG.

Anza lini? Chukua mzunguko wako mfupi utoe 17. Wa siku 28 anaanza siku ya 11, wa 31 anaanza ya 14. Pima kila siku kwa saa ileile, mchana ni bora, kama saa nane hivi. Kinyume na kipimo cha mimba, mkojo wa kwanza wa asubuhi si mzuri hapa, kwa sababu kwa wengi LH hupanda alfajiri na huchukua saa kadhaa kuonekana kwenye mkojo. Saa mbili kabla ya kupima usinywe maji mengi, mkojo usiwe mwepesi. Na kwa joto la kwetu usifidie baadaye kwa kushinda na kiu; ni saa mbili tu.

Kusoma matokeo ndiko kunakowapoteza wengi. Kwenye kipimo cha mimba, mstari hata ukififia ni jibu. Kwenye LH, mstari uliofifia si kitu, kwa sababu homoni hiyo ipo mwilini kidogo kidogo siku zote. Unangoja mstari wa kipimo ulingane na ule wa kulinganishia au uukolee. Siku moja ukifika hapo, acha kupima, umepata.

Mwenye ovari zenye vifuko vingi, ule ugonjwa wanaouita PCOS, anaweza kuona mistari iliyokolea siku nyingi mfululizo bila yai kutoka. Vivyo hivyo mwanamke anayekaribia kukoma hedhi. Kwao kijiti peke yake hakitoshi. Na kwa wote, kijiti kinasema mwili umejiandaa kulitoa yai. Kwamba limetoka kweli, hilo linasemwa na kipimajoto.

Kipimajoto, shahidi wa baada ya tukio

Projesteroni inapandisha joto la mwili kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selisiasi, na joto linabaki juu hadi hedhi. Kwa hiyo kipimajoto hakikwambii lini ujaribu, kinakuthibitishia kwamba yai limetoka. Kwa mtu kama mimi niliyeambiwa sipevushi, uthibitisho huo ulikuwa na thamani kuliko dawa.

Tafuta cha kidijitali chenye tarakimu mbili baada ya nukta, kinachosoma 36.42, si 36.4. Kiweke chini ya mto. Ukiamka tu, kabla hujaketi, kabla hujanywa maji wala kuongea, kiweke chini ya ulimi mpaka kilie. Saa ileile kila siku, uwe umelala angalau saa tatu mfululizo. Mimi niliifuata adhana ya alfajiri, na mwezi wa Ramadhani ikanibidi nipime kabla ya daku, ambayo ni saa tofauti. Mstari wangu wa mwezi ule ulikuwa kama barabara ya vumbi. Wauguzi, walinzi na wote wanaofanya kazi zamu za usiku watapata shida hiyohiyo, na ushauri wangu kwao ni kuachana na kipimajoto, washike ute. Siku ya homa au ya kukesha msibani iandike na uizungushie duara, usiitie katika hesabu.

Kanuni ya kusoma: ukiona asubuhi tatu mfululizo zote juu ya sita zilizotangulia, na ya tatu iko juu kwa angalau nyuzi 0.2, yai limetoka, yaelekea siku ya kabla ya joto kuanza kupanda. Joto likikaa juu siku 18 au zaidi bila hedhi, nunua kile kijiti kingine, cha hCG. Mimba yangu ya kwanza ilijulikana hivyo, kwenye mwezi wa nane wa daftari, kabla sijapata hata kichefuchefu.

Mwezi mmoja kwa karibu

Nanakili hapa mzunguko mmoja wa siku 31. Damu ilianza tarehe 3 Machi, ikaisha tarehe 7. Siku ya 6 hadi ya 11, kavu. Ya 12, kunata. Ya 13 na 14, kama losheni. Ya 15 kidogo unavutika, ya 16 na 17 unateleza, angavu. LH siku ya 16 imefifia, ya 17 saa nane mchana imekolea kabisa. Siku ya 18, kavu. Joto hadi siku ya 18 linacheza 36.28 hadi 36.41, ya 19 ni 36.60, ya 20 ni 36.66, ya 21 ni 36.69. Hedhi ikarudi 3 Aprili.

Yai lilitoka siku ya 18 hivi, yaani 20 Machi, na kipande cha pili kilikuwa na siku 13. Siku za rutuba zilikuwa ya 13 hadi ya 18. Sasa tazama safu ya tendo: tulikuwa pamoja siku ya 11, ya 12, ya 13 na ya 14, kisha mume wangu akaondoka na lori kuelekea Tunduma, nami nikamuaga nikijiona nimetimiza wajibu, kwa sababu siku ya 14 ilikuwa imepita. Siku mbili za kwanza zilikuwa bure. Mbili za mwisho zilikuwa pembeni kabisa. Zile nzuri kuliko zote, ya 16 na ya 17, yeye alikuwa akisubiri kibali mpakani.

Mwezi uliofuata tulipanga safari kwa daftari. Si rahisi, na bosi haelewi sababu ukimwambia, lakini kubadilishana zamu na dereva mwenzako kwa siku tatu kunawezekana. Kama mwenza anafanya kazi mbali, hesabu kwamba mbegu husubiri na yai halisubiri: kuwa pamoja siku mbili kabla ni bora kuliko siku moja baada.

Siku zikifika

Kila siku au siku moja baada ya nyingine, tangu ute ulainike hadi kesho yake baada ya kilele. "Kuweka akiba" ya wiki nzima ili mbegu ziwe nyingi hakusaidii, na kukaa muda mrefu bila tendo kunazipunguzia ubora. Mkaao wowote unafaa. Kuinua miguu ukutani au kuweka mto chini ya kiuno hakudhuru, hakuongezi. Mbegu zinaingia kwenye ute ndani ya dakika chache, na kile kinachotoka ukisimama ni majimaji tu. Mate na vilainishi vingi vya dukani vinazipunguzia mbegu kasi, viepuke siku hizo.

Kuna jambo halisemwi. Mwanamume anayeambiwa "leo ndiyo leo" kila mwezi, ikiwa na saa yake, huweza kushindwa kabisa siku hiyohiyo. Ukiona hivyo, usimwonyeshe kijiti. Mwandalie chakula, nyamaza.

Kisha ngoja. Kupima mimba kabla ya siku ya 14 tangu yai litoke ni kujitafutia kilio: matiti kuuma, uchovu, tumbo kujaa, vyote vinaletwa na projesteroni, na hiyo ipo uwe na mimba au usiwe nayo.

Kabla hata ya kuanza kuhesabu

Anza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Mgongo na ubongo wa mtoto hujifunga mapema mno, wengi wetu tukiwa bado hatujafika kliniki kuandikiwa vidonge. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, mwenye selimundu au aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa, amuulize daktari. Mkiwa hapo mpimwe wote wawili selimundu; mkiwa mmebeba nyote, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kwa wanne wa mtoto mwenye ugonjwa, na ni afadhali kulijua mapema.

Ulikuwa unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Kitanzi na kipandikizi vikitolewa, yai linaweza kurudi mwezi huohuo. Sindano ya miezi mitatu ni habari nyingine: tangu sindano ya mwisho hadi mimba wengi huchukua miezi tisa au kumi, wapo wanaofika mwaka na zaidi. Haikukuharibu kizazi, inachelewa tu. Mwezi uliomeza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, usiutie kwenye hesabu, hedhi yake huwahi au huchelewa. Anayenyonyesha naye anaweza kukaa miezi bila yai kupevuka.

Kama mmoja wenu anaishi na VVU, msijaribu kimyakimya. Anayetumia dawa vizuri na virusi vyake vikawa havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo, na aliye salama anaweza kupewa dawa kinga. Waambieni kliniki ya CTC kwamba mnatafuta mtoto. Kuzijua siku za rutuba ni sehemu ya mpango wenyewe.

Hospitali, lini na na nani

Chini ya miaka 35, mwaka mmoja wa kujaribu. Zaidi ya wenza 8 kati ya 10 huwa wamepata ndani ya mwaka huo. Ukiwa na 35 au zaidi, miezi sita. Ukiwa na 40, au hedhi inakuja mara chache mno kwa mwaka, au uliwahi kuumwa sana nyonga, kutoa mimba kukakuletea homa, au mimba kutunga nje ya kizazi, nenda sasa hivi.

Beba daftari. Ukiandikiwa kipimo cha projesteroni, omba kifanyike siku ya saba baada ya yai kutoka: LH ikikolea siku ya 19, mwambie daktari siku ya 27. Changu kiliporudiwa hivyo, yai lilikuwa limetoka. Na usinunue Clomid, ile dawa ya kupevusha mayai, dirishani kwa ushauri wa shoga yako. Inaweza kukausha uteute, inaongeza mapacha, inahitaji kufuatiliwa kwa ultrasaundi, na haina maana yoyote kama mirija imeziba au mbegu hazipo.

Hilo la mwisho ndilo linalocheleweshwa kwetu miaka na miaka. Mwanamke anachomwa, anapigwa picha ya mirija, anakunywa mizizi, wifi wanahesabu, na mume hajapimwa hata siku moja, ingawa upande wa mwanamume unachangia karibu nusu ya matatizo haya. Kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha atoe yote kwenye chupa ya maabara, si kwenye kondomu, kwa maana kondomu za kawaida zinaziharibu mbegu. Vizuri atolee hapohapo. Kama ni nyumbani, ifike ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Wangu aliibeba kifuani chini ya shati, bodaboda ikiambiwa tu kwamba ni dawa ya mgonjwa.

Jibu likiwa baya, lirudiwe baada ya miezi mitatu. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kukamilika, kwa hiyo malaria kali ya Februari inaweza kuonekana kwenye kipimo cha Aprili. Sigara, na zile sindano za kujenga misuli za gimu, nazo zinazipunguza. Ndiyo maana kwenye safu ya mwisho ya daftari langu, ile ya mengineyo, niliandika na homa zake.